Mguu wa Mjomba Hollis

Mimi si mtu wa kujidai, lakini kazi yangu naijua. Miaka ishirini na sita nimesimama kati ya madaktari wa Kizungu na wazee wetu wa Kiapache, napeleka la huku kule na la kule huku, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumeza dawa ya kupaka kwa kosa la ulimi wangu. Naitwa Verna Tessay, mzaliwa wa Cibecue, Arizona. Muulize yeyote pale hospitalini kwetu, atakwambia: Verna ana mdomo, lakini ukalimani wake haupingwi. Leo nawasimulia siku niliyoharibu, maana anayesimulia ushindi wake tu ni mwongo.

Lugha yetu si ya kuchezea. Mzungu akitaka kitu anasema "nipe", kamaliza. Iwe fimbo, iwe matope, iwe mtoto mchanga, "nipe" yake ni ile ile. Kwetu kitenzi chenyewe ndicho kinachosema kitu kikoje. Kirefu na kigumu kina "nipe" yake, cha kulegea kama kamba kina yake, kilichomo ndani ya chombo kina yake, chenye uhai kina yake. Nisipojua umbo la kitu siwezi hata kufungua kinywa. Ndiyo maana kila daktari mgeni hunichukia wiki ya kwanza. Anasema, "Mwambie tutatoa uvimbe." Nami namuuliza, "Wa mviringo au umetandaa? Mgumu au tepetepe?" Anadhani namfanyia mtihani wa udaktari. Nani ana haja na udaktari wake? Mimi natafuta kitenzi.

Na kuna jambo la pili, zito kuliko hilo. Kwetu neno baya halielekezwi usoni mwa mtu. Ukimwambia mzee "wewe utakufa", umemrushia kitu, na neno likishatoka linatafuta pa kutua. Basi miaka yote hiyo daktari akisema, "Asipomeza hii atapata kiharusi," mimi nasema, "Kuna mtu alikuwa na hali kama hii. Dawa hakumeza, akaanguka. Mwingine alimeza, mpaka leo anachunga ng'ombe." Mzee ananyamaza, anafikiri, anachukua dawa yake anakwenda. Daktari anaandika kwamba mgonjwa ameelewa, na kweli ameelewa.

Basi akaja Bwana Pruitt. Alitumwa na ofisi fulani ya mjini kukagua wakalimani, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa amechukua kanda za maongezi yangu, kampa mtu asiyejulikana azisikilize.

"Bi Tessay," akaniambia Jumatatu asubuhi, "daktari anasema 'wewe'. Wewe unasema 'mtu mmoja'. Huyo mtu mmoja ni nani?"

"Hayupo."

"Kwa hiyo unamtunga?"

Jamani! Mimi, kutunga! Damu ilinipanda. Nikamweleza mambo ya adabu, mambo ya maneno kurushwa, yeye anatikisa kichwa tu kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Kuanzia leo ni neno kwa neno," akasema. "Kama huwezi, nitaandika kwamba huwezi."

Hilo "huwezi" ndilo lililoniponza. Miaka ishirini na sita, halafu mtoto wa juzi aniandikie kwamba siwezi! Nikamwambia, "Neno kwa neno unataka? Utalipata."

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa Mjomba Hollis.

Hollis Declay ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja, na kwetu mjomba ni mtu. Yeye ndiye aliyenipandisha farasi mara ya kwanza, na nilipoanguka ndiye aliyecheka kabla ya kuniinua. Alikuwa na miaka sabini na moja, hamsini kati ya hiyo kaitumia nyuma ya ng'ombe. Kisukari kilimla kidole cha mguu, kisha vidole, na alichokuwa nacho sasa ni kidonda ndugu kilichonuka mpaka mlangoni. Alikuja na mkewe Adeline, aliyemshikia kofia.

Daktari Brandt alimtazama mguu muda mrefu. Ni dada mzuri yule, sina neno naye. Alikuwa na miezi minne tu kwetu lakini alikuwa na mikono ya upole. Akanigeukia, akasema kwa Kizungu kwamba mguu umekufa, sumu inapanda, lazima ukatwe chini ya goti kabla ya Ijumaa. Asipokatwa hatafika Jumapili. Na kwa kuwa sheria inamtaka aseme yote, hata akikatwa anaweza kufia mezani.

Nyuma yangu nilisikia kalamu ya Bwana Pruitt ikigonga faili lake.

Nikasema. Kwa Kiapache safi, sauti ya juu, kila herufi mahali pake: "Mguu wako umekufa. Sumu inakupanda. Usipokatwa utakufa kabla ya Jumapili. Ukikatwa pia unaweza kufa, pale pale mezani."

Sasa mjue kwetu hakuna mguu usio na mwenyewe. Huwezi kusema "mguu" hivi hivi ukauacha unaelea, lazima uwe wangu, wako, au wa fulani. Maneno yote niliyotoa yalikuwa na Mjomba Hollis ndani yake, hakuna hata moja lililompita pembeni. Nilijua hivyo wakati nasema, na hasira yangu ikaniambia endelea.

Mjomba alinitazama mara moja. Halafu akatazama sakafu. Daktari akasubiri. Baada ya muda mzee akamwambia mkewe, siyo mimi, "Twende nyumbani."

"Amesemaje?" daktari akauliza.

"Anakwenda nyumbani."

"Amekataa kukatwa?"

"Hakusema hivyo. Amesema anakwenda nyumbani."

"Safi kabisa," akasema Bwana Pruitt, na akatia alama kwenye karatasi yake. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Adeline alipopita karibu yangu alisimama kidogo. "Verna," akasema taratibu, "umempiga." Basi, hakuongeza. Afadhali angenizaba kofi.

Nilikwenda kukaa ndani ya pikapu yangu pale nje, nikashika usukani bila kuwasha gari. Roho ilinisuta, jamani, sijapata kuona. Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wangu ulikuwa umemvunja mtu aliyenilea. Niliona aibu, na niliogopa. Kama angekufa, watu wa Cibecue wangesema sumu ilimuua Hollis Declay. Mimi na Adeline tungejua kilichomuua ni nini.

Kesho yake nikamuuliza Daktari Brandt tuna muda gani. "Alhamisi asubuhi," akasema. "Baada ya hapo hata nikikata itakuwa kazi bure." Nikachukua kofia yangu nikaendesha kwenda kambini kwa Mjomba.

Anaishi juu ya kijito, nyumba ya mbao na kando yake kibanda cha matawi ambamo kila mtu hushinda mchana. Niliacha pikapu mbali kidogo kama ilivyo adabu, nikaja kwa miguu. Kabla sijafika niliisikia sauti yake nyuma ya matawi. Anasema "chukua". Ilikuwa "chukua" ya kitu kilegevu, kamba, nikajua ni kamba yake ya kukamatia ng'ombe. Kimya. "Chukua" tena, ya kitu kirefu kigumu. Bunduki. Kimya. "Chukua" ya kitu kizito kilichojikusanya. Hilo ni tandiko, alilishona mwenyewe. Halafu ikaja ile ya chenye uhai. Alikuwa anagawa farasi.

Sijaona kitu kwa macho, lakini vitenzi vilikuwa vimenionyesha vyote. Mtu wetu akifa, vitu vyake huchomwa au huondolewa, hakuna anayetaka kubaki navyo. Anayevigawa kwa mkono wake mwenyewe ameshamaliza kuhesabu siku.

Nikaingia. Aliyekuwa anapewa ni Delmar, mtoto wa dada yake Adeline, mtu mzima wa miaka arobaini, mchunga ng'ombe pia. Alikuwa amekaa na bunduki mapajani, uso umemshuka. Adeline alikuwa anakanda unga wa chapati. Alinipakulia bakuli la mchuzi wa nyama uliotiwa unga wa mbegu za mwaloni, akaniwekea mbele bila neno. Mjomba alikuwa kwenye kiti, mguu kauweka juu ya ndoo, anatazama mlima. Mimi hakunitazama.

Nikala. Nikanyamaza. Mtu aliyeumizwa hupewa kimya, ndiyo heshima yenyewe. Saa nzima, mimi Verna, mwenye mdomo huu mnaousikia! Siwezi kusema "nisamehe", maana ningemlazimisha ajibu. Siwezi kusema "rudi hospitali", maana mtu mzima haamriwi, hata na mkewe. Na siwezi kurudia habari ya kifo hata kwa kuifuta. Ukifuta unaigusa tena.

Kilichobaki ni mahali.

Nchi yetu yote ina majina, na kila jina ni picha. Wazee walisimama mahali, wakasema walichokiona, likawa jina. Na kila jina lina kisa chake. Ukimtajia mtu mahali, unamchukua unamsimamisha pale pale walipokuwa wamesimama wale wa kale, atazame mwenyewe, aamue mwenyewe. Hujamwambia kitu. Umemwonyesha tu mahali pa kusimama.

Nikasema, "Ilitokea Mwamba Mweupe Unapoingia Majini."

Mikono ya Adeline ikasimama ndani ya unga. Delmar akainamisha kichwa, na nikaona shavu lake limeanza kucheza. Kijito kikasikika.

"Pale pale," akasema Adeline baada ya muda mrefu, akaendelea kukanda.

Nyinyi hamkulelewa Cibecue, kwa hiyo nitawapa kisa, ingawa siku ile hakuna aliyekisimulia. Zamani sana mtu mmoja alikuwa anapalilia mahindi yake kando ya mto, akiwa na kitambaa tu kiunoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na mafuriko yakaja ghafla. Maji yakamvua kitambaa, yakambeba, yeye akashikilia gunzi moja la mahindi. Akafika kwenye mwamba mweupe. Anataka kupanda, anainua macho, na nani amekaa juu? Mama mkwe wake!

Sasa mkwe kwetu humtazami. Hukai alipo. Akitokea huku, wewe unatokea kule. Na huyu bwana yuko uchi. Watu wa ng'ambo ya mto wanamwona amesimama ndani ya maji, yanamfika kiunoni, anafikiri. Anafikiri! Maji yakafika kifuani, bado anafikiri. Yakafika kidevuni. Ndipo akapanda. Wakakaa siku mbili juu ya ule mwamba, wamepeana mgongo, hakuna aliyesema neno. Maji yalipopungua, mmoja akashukia upande huu na mwingine upande ule. Watu walimtania yule bwana mpaka uzee wake, na akawa na uzee wa kutaniwa. Wajukuu zake walikula mahindi yaliyotokana na lile gunzi.

Mjomba alikuwa bado anatazama mlima. Kisha mabega yake yakatikisika.

"Maji yalikuwa ya baridi," akasema.

"Hasa kwa aliyekuwa uchi," akasema Delmar.

"Na yule mama je?" Adeline akadakia. "Kila siku mnamhurumia mwanamume tu. Yeye alikosa nini, kukalishwa na lile jitu siku mbili?"

"Yeye alikuwa na sketi," akasema Mjomba.

"Sketi imelowa!"

"Sketi ni sketi, mke wangu."

Wakacheka. Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mimi nilicheka kwa woga, nikimwangalia kwa pembe ya jicho. Halafu kicheko kikaisha, akakaa muda mrefu anatazama ule mguu juu ya ndoo.

"Alisimama ndani ya maji muda mrefu mno," akasema.

"Lakini alipanda," akasema Adeline.

"Alipanda." Akavuta pumzi, akamgeukia Delmar. "Lile tandiko lirudishe, na farasi wangu. Bunduki kaa nayo, ina kutu."

Delmar akasimama haraka mpaka akapiga kichwa kwenye nguzo. Adeline akageuka akawasha moto ambao ulikuwa unawaka tayari. Ningeweza kuimba. Ila Mjomba alikuwa amezungumza na kila mtu pale, hata na mbwa, mimi hakunipa hata neno moja.

Jumatano asubuhi Delmar akamleta hospitalini. Daktari Brandt alimpokea mlangoni, nusura amkumbatie. Lakini karatasi ya ridhaa ilikuwa haijasainiwa, na kabla ya kusainiwa lazima isomwe upya, yote, na Bwana Pruitt alikuwa ameshakaa kitini na kinasa sauti chake.

"Neno kwa neno, Bi Tessay," akaniambia.

"Sisomi."

"Samahani?"

"Umesikia. Juzi nilikupa neno kwa neno, ukatia alama yako, na mgonjwa akaenda nyumbani kufa. Leo nitakisoma Kiapache kama kinavyosemwa na Waapache. Usipotaka, tafuta mkalimani mwingine. Aliye karibu ni binamu yangu kule San Carlos, naye ni kiziwi."

Delmar akakohoa. Daktari Brandt akaniangalia, akamwangalia Bwana Pruitt. "Mimi ndiye ninayekata," akasema. "Ninachotaka kujua ni kama ameelewa. Nitajuaje?"

"Ataeleza mwenyewe alichoelewa," nikasema. "Na kila atakachosema nitakutafsiria kama kilivyo. Sitapunguza, sitaongeza. Hilo naapa."

"Naafiki," akasema daktari. Bwana Pruitt akabonyeza kinasa chake, midomo kaikaza.

Nikasoma. Kuna mtu, nikasema, mguu wake umemgeuka. Kuna waliokatwa wakaamka, kuna mmoja mmoja ambaye nusukaputi ilimchukua moja kwa moja. Kuna waliokaa nyumbani, na hao wote njia yao ilikuwa moja. Nilikwenda taratibu, na Mjomba alikuwa anasikiliza, naliona jicho lake. Nilipofika palipoandikwa kwamba kiungo kitaondolewa, nikakwama. Nikamgeukia daktari. "Mguu unaondolewaje? Mkononi, umefungwa kwenye kitambaa, au umo ndani ya chombo? Na unapelekwa wapi?"

"Ndani ya chombo," akasema. "Unachomwa pamoja na taka za hospitali."

Nikalisema hilo. Mjomba akainua kichwa.

Kimya kikaingia. Daktari alifungua mdomo, nikamwinulia kidole, akaufunga. Bwana Pruitt akatazama saa yake, mara moja, mara mbili. Wazungu kimya huwauma kama viroboto. Mimi nilisubiri, maana mzee wa kwetu akinyamaza hivyo ujue anapanga.

Hatimaye akasema. "Yule mtu nimemwelewa. Wakimkata huenda akaamka, huenda asiamke. Wakimwacha, hataamka. Yule mtu anasema, kateni."

Nikatafsiri. Daktari akaandika haraka kwa furaha. Akadhani yamekwisha.

"Lakini," akaendelea Mjomba, "mguu wangu si taka. Nilizaliwa nao. Utarudi Cibecue, utazikwa karibu na mahindi yangu. Na atakayeubeba ni huyu mwanamke aliyesimama hapa kati yetu, aliyenirushia maneno Jumatatu kama mtu anayemrushia mbwa mawe. Aubebe kwa mikono yake mwenyewe. Asimpe mtu."

Nikatazama mlango.

"Amesemaje?" akauliza daktari.

Sisi kilichokufa hatukigusi. Msinione nina mdomo mkanidhania nina moyo wa chuma. Nyumba aliyofia mtu tunaihama. Nguo zake tunazichoma. Nimefanya kazi hospitalini miaka yote hiyo na sijawahi kupita mbele ya mlango wa mochwari, nazunguka jengo zima hata kwenye theluji. Na hapo ndani hakuna hata mmoja ambaye angejua kama ningesema, "Anaomba mguu wake azikiwe na familia." Ingekuwa kweli, nusu. Bwana Pruitt haelewi hata neno "maji" la kwetu.

Lakini Mjomba alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ananitazama machoni, anasubiri. Na nilikuwa nimeapa.

Nikatafsiri. Nikasema "huyu mwanamke aliyesimama hapa kati yetu", na huyo mwanamke ni mimi. Nikasema "kama mtu anayemrushia mbwa mawe". Nikasema "kwa mikono yake mwenyewe, asimpe mtu". Sikupunguza wala sikuongeza, na sauti yangu ilikuwa imara mpaka neno la mwisho, hapo ikapasuka.

Bwana Pruitt aliweka kalamu chini. Daktari Brandt uso ulimwiva. "Verna," akasema, "si lazima. Naweza kupanga mtu wa..."

"Andika nimekubali," nikamwambia. "Andika, dada, kabla sijakimbia."

Walimkata mchana ule ule. Jioni haijafika akatoka muuguzi na kisanduku, nikasema hapana, nipeni blanketi. Nikauchukua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, nikaukumbatia kifuani. Delmar alisimama kando na pikapu yake, akanyoosha mikono.

"Dada, lete."

"Nikopeshe koleo," nikamwambia. "Mikono yako kaa nayo."

Niliuweka kiti cha mbele, kando yangu. Mguu wa mjomba wangu hauwezi kusafiri nyuma kama kuni. Nikaendesha mpaka Cibecue jua likiwa bado liko juu ya vilima, nikachimba kando ya shamba lake la mahindi, shimo refu, ardhi ngumu kama roho ya mkaguzi. Hofu ilinishika mpaka nilipouteremsha. Halafu ikaniachia, na kikaja kitu kingine. Nililia, jamani. Nilipiga magoti kwenye mabua ya mahindi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minne, nikalia kwa kelele mpaka mbwa wa jirani wakanijibu. Nilipomaliza nikafukia, nikawasha matawi ya mreteni, mti wetu wa kujitakasa, nikajifukiza moshi mikono, kichwa, nguo, hata viti vya pikapu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda wodini. Mjomba alikuwa ameamka, uso umepauka, mdomo mkavu. Blanketi lilikuwa na mguu mmoja upande huu, na upande ule lilikuwa limelala chini tambarare. Adeline alikuwa amesinzia kwenye kiti. Mimi nikasimama pale mlangoni, sikuthubutu kuingia.

"Umeuweka?" akauliza, macho darini.

"Nimeuweka."

"Mikono yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Ulilia?"

Nilitaka kusema hapana. Mdomo huu umezoea kujitetea. "Nililia, Mjomba. Sana."

"Vizuri," akasema. "Ule mguu umenibeba miaka sabini na moja. Ilifaa mtu aulilie, na mimi nilikuwa naona haya."

Kisha akapapasa blanketi upande ule tambarare, akalisawazisha vizuri kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa, mpwa wangu," akasema. "Siku hizi pana nafasi."